Pointi za Hoteli ni Mali ya Nani?

Ipo desturi moja iliyoenea katika hoteli kubwa za dunia ambayo sisi wa kanda hii tumeipokea kimya kimya, bila ya kuijadili. Mgeni mwenye kadi ya daraja la juu anapofika mapokezi, hupewa chumba kizuri zaidi kuliko kile kilicholipiwa: labda cha ghorofa ya juu, labda cha pembeni chenye kutazama mlima au bahari, na pengine chumba chenye sebule yake. Haongezi hata senti moja. Mgeni aliyesimama nyuma yake katika foleni, ambaye bei ya chumba chake ni ile ile, hupewa ufunguo wa chumba cha kawaida na kutakiwa usiku mwema.

Hatuandiki haya kwa kuwaonea kijicho wenye kadi hizo. Mfanyabiashara anayelala hotelini kwa fedha yake mwenyewe ana haki ya kufaidi chochote anachopewa na hoteli aliyoichagua. Tunaandika kwa sababu miongoni mwa wenye kadi wamo watu ambao usiku wao wote umelipwa na wengine. Umelipwa na wizara, na shirika la umma, na halmashauri, na jumuiya inayoendeshwa kwa michango ya nchi wanachama, ama na mradi ulioletwa kwa jina la maskini. Swali letu ni dogo, na ni la haki: usiku ukilipwa na umma, faida itokanayo na usiku huo ni ya nani?

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa tueleze jambo lenyewe lilivyoanza na linavyokwenda, maana wasomaji wetu wengi hawajawa na sababu ya kulichunguza.

Mwezi Mei 1981, shirika la ndege la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango wa kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri na kuwatunza kwa tiketi. Wenye hoteli hawakukawia. Mwaka 1983 Holiday Inn ilianzisha mpango wake, na kabla ya mwaka huo kwisha Marriott nayo ilifuata. Hilton na Hyatt ziliingia mwaka 1987. Leo ni shida kulitaja kundi kubwa la hoteli za kimataifa lisilokuwa na mpango wa wateja wa kudumu.

Sababu ya kibiashara ni nyepesi kuielewa. Chumba cha hoteli ni bidhaa inayooza upesi kuliko nyanya. Nyanya isipouzwa leo huenda ikauzwa kesho kwa bei ya kutupa, lakini chumba kisipopata mtu usiku wa leo, usiku huo umekwisha na haurudi tena. Kwa hiyo mwenye hoteli humtafuta mgeni atakayerudi mara kwa mara, na humfunga kwa kamba mbili. Kamba ya kwanza ni pointi, ambazo mgeni hujiwekea kama akiba na baadaye huzitumia kulala bila ya kulipa. Kamba ya pili ni daraja, ambalo hupimwa kwa hesabu ya usiku aliolala katika mwaka.

Mathalani, katika mpango wa Marriott, usiku 10 kwa mwaka humtia mgeni katika daraja la fedha. Usiku 25 humpa dhahabu. Usiku 50 humpa platinamu. Na usiku 75 humpa titaniamu. Mwenye dhahabu huahidiwa chumba kilicho bora kidogo kikiwapo. Wa platinamu na kuendelea aweza kupewa hata baadhi ya vyumba vyenye sebule. Kwa Hyatt, daraja la juu hupatikana kwa usiku 60, na mwenye daraja hilo huahidiwa chumba bora kilichopo wakati anapojiandikisha mapokezi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hoteli zimeugeuza usemi huo: kadiri mgeni anavyozidi kulala, ndivyo anavyozidi kuheshimiwa.

Mambo haya hayako mbali nasi. Hilton ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1969 na ikafanya kazi hadi mwisho wa mwaka 2022. Hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1965 na kujulikana na kila mtoto wa mji ule, imekuja kuchukua jina la Hyatt. Zanzibar ilipata Park Hyatt mwaka 2015, na Nairobi ikapata JW Marriott mwaka 2024. Arusha, ambako ndiko yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hupokea wajumbe wa mikutano mwaka mzima. Mjumbe wa kamati, mshauri wa mradi, mkurugenzi wa shirika, wote hao waweza kufikisha usiku 50 kabla ya mwezi Oktoba, tena bila ya kutoa hata shilingi moja mfukoni mwao.

Sasa tutazame kinachotokea pale mapokezi. Ahadi ya chumba bora imefungwa kwa neno moja dogo, nalo ni "kikiwapo". Asubuhi ofisi ya mapokezi hupitia orodha ya wageni wanaotarajiwa na kuilinganisha na vyumba vitakavyokuwa wazi. Mara nyingi hoteli huwa imeuza vyumba vya kawaida kupita idadi yake, kwa kujua kwamba baadhi ya wageni hawatatokea. Wakitokea wote, hapana budi baadhi yao wapandishwe. Msimamizi huanza na wenye madaraja ya juu. Aghalabu humpendelea pia mgeni wa usiku mmoja, kwa kuwa chumba kikubwa kitarudi mikononi mwake kesho yake ili kiuzwe. Katika hoteli ya wafanyabiashara, Jumapili vyumba vikubwa huwa vitupu. Katikati ya juma huwa vimejaa, na hapo mwenye titaniamu na asiye na kadi hulala sawa.

Hayo ndiyo mambo ambayo mhudumu wa mapokezi, pengine kijana aliyetoka chuoni juzi, hutakiwa kuyaeleza kwa tabasamu mbele ya mtu mzima anayegonga kaunta kwa kadi yake na kudai haki. Kijana huyo hakuitunga kanuni, wala hana uwezo wa kujenga chumba ambacho hakipo. Tunadhani ni aibu kwa mtu mwenye cheo kumfokea mtoto wa mwenzake kwa ajili ya sebule ambayo hakuilipia.

Wako pia wasio na kadi ambao wamejitafutia njia yao. Katika mji wa Las Vegas huko Marekani kuna mtindo unaofahamika sana: mgeni huweka noti ya dola 20 katikati ya kitambulisho chake na kadi yake ya benki, humkabidhi mhudumu vyote kwa pamoja, kisha huuliza kwa upole kama kuna nafasi ya kupandishwa chumba. Wenyewe huuita ujanja wa msafiri. Kwetu jambo hilo lina jina lake, na jina hilo ni chai. Mhudumu anayeuza chumba cha tajiri wake kwa dola 20 za mfukoni amemwibia tajiri wake, na mgeni aliyemshawishi ni mshirika wake. Sheria ya Kenya ya kupambana na hongo, ya mwaka 2016, haikuishia kwenye ofisi za serikali. Imezigusa na shughuli za watu binafsi. Tunatumaini kwamba mtindo huo wa Las Vegas hautapata wafuasi katika mapokezi ya hoteli zetu.

Turudi kwenye swali letu. Ili kulijibu, ni lazima kwanza tujue gharama ya mambo haya hubebwa na nani, kwa sababu wako wanaosema kwamba pointi ni zawadi tu ya hoteli, na zawadi haimuumizi mtu.

Hoteli nyingi zenye majina makubwa si mali ya wenye jina. Jengo ni la mwekezaji mwingine, na kampuni ya kigeni huleta jina, kanuni na mtambo wa kupokea wateja, nayo hulipwa ada. Kila mwanachama anapolipa bili yake, hoteli hukatwa sehemu ya fedha hiyo ili iingie katika mfuko wa mpango. Mwanachama anapolala kwa pointi, mfuko huo ndio unaoilipa hoteli aliyolala. Kwa hiyo pointi zina gharama, na gharama hiyo ni sehemu ya matumizi ambayo hoteli huyazingatia inapopanga bei ya chumba. Kwa lugha nyepesi, pointi ni punguzo la bei lililocheleweshwa, ambalo badala ya kupewa aliyelipa hupewa aliyelala.

Pale ambapo aliyelipa ndiye aliyelala, hapana ugomvi wowote. Pale ambapo ni watu wawili mbalimbali, mmoja akiwa mlipa kodi wa kijijini na mwingine afisa mwenye begi la magurudumu, ndipo penye neno.

Hebu tupige hesabu. Afisa analala usiku 50 kwa mwaka katika hoteli za kundi moja kwa dola 150 kila usiku. Ofisi yake italipa dola 7,500. Katika hoteli nyingi za Marriott mwanachama hupewa pointi 10 kwa kila dola, kwa hiyo afisa huyo atapata pointi 75,000, mbali na nyongeza anayopewa kwa ajili ya daraja lake. Akizitumia yeye na familia yake kwa mapumziko ya Desemba, ofisi imemlipia mapumziko hayo bila ya kuwapo kikao chochote kilichoidhinisha wala karatasi yoyote iliyotiwa sahihi.

Lakini fedha ni sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa ni uamuzi. Mtu aliyebakiza usiku mitatu kufikia platinamu, na huku Novemba inakwisha, ataona kwamba safari ya siku mbili inahitaji siku tano. Ataona kwamba hoteli ya mwananchi mwenzetu iliyo karibu na ofisi anayokwenda, yenye kitanda safi na chakula kizuri kwa nusu ya bei, "haina usalama wa kutosha". Ataona kwamba warsha iliyoweza kufanyika katika ukumbi wa halmashauri haina budi ifanyike kwenye hoteli ya jina. Hatusemi kwamba kila mwenye kadi hufanya hivyo. Tunasema kwamba kishawishi kipo, na kwamba hakuna anayekitazama.

Na kipo kikubwa kuliko hicho. Baadhi ya mipango hii humpa pointi hata yule anayeandaa mkutano. Afisa anayechagua ukumbi, akaagiza vyumba vya wajumbe na chakula chao cha mchana, aweza kuingiziwa pointi zake binafsi kwa kadiri ya bili nzima, au sehemu yake kubwa. Tunaomba wasomaji walifikirie jambo hilo kwa utulivu. Kama mwuza saruji angempa mkuu wa shule mifuko kadhaa kwa ajili ya nyumba yake, kwa kuwa shule imenunua saruji kwake, sote tungejua la kusema. Tofauti ya saruji na pointi ni kwamba saruji huonekana inaposhushwa.

Nchi nyingine zimekwisha kulipitia jambo hili, na yafaa tujifunze kutoka kwao. Ujerumani mwezi Julai 2002 ilitikiswa na kashfa ya maili za ndege. Wabunge walitakiwa kuzitumia maili walizopata katika safari za kazi kwa ajili ya safari za kazi tu, lakini magazeti yalifichua kwamba baadhi ya wanasiasa walizitumia kwa safari zao binafsi. Gregor Gysi, aliyekuwa akisimamia uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin, alijiuzulu wadhifa wake tarehe 31 mwezi huo. Thamani ya tiketi hizo ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na cheo alichokiacha. Hata hivyo, wananchi wa kule waliona kwamba mpaka kati ya mali ya umma na mali ya mtu ulikuwa umevukwa, na mpaka haupimwi kwa ukubwa wa hatua iliyouvuka.

Marekani ilifuata njia nyingine. Kwa miaka mingi pointi na maili za safari za serikali zilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Kanuni hiyo ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini utekelezaji wake ulikuwa mzito, na maili nyingi ziliachwa bila ya kutumiwa na yeyote. Mwishoni mwa mwaka 2001 sheria ilibadilishwa, na watumishi wa serikali kuu wakaruhusiwa kuzichukua faida hizo, madhali hazikuiongezea serikali gharama yoyote. Mtumishi haruhusiwi kuchagua hoteli au ndege ya gharama zaidi kwa tamaa ya pointi.

Basi mataifa mawili makubwa yametoa majibu mawili. Jibu letu sisi litoke wapi? Tunaamini kwamba tuna misingi yetu wenyewe ya kutosha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 76, inasema kwamba zawadi anayopewa ofisa wa serikali katika shughuli ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri, na inapaswa kukabidhiwa, isipokuwa sheria ya Bunge imeruhusu vinginevyo. Tanzania, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na nyumba za kupangisha, na kuwa na hisa katika kampuni. Miiko hiyo ililegezwa mwaka 1991, lakini Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 iliendeleza wazo kwamba kiongozi hana budi kuwa muwazi juu ya mali aliyo nayo. Kote huko fikra ni moja: cheo ni dhamana, na kinachopatikana kwa sababu ya dhamana hakiwi cha mtu kimya kimya.

Kwa kuzifuata fikra hizo, sisi twaona kwamba faida za hoteli zigawanywe mafungu manne, na kila fungu lipewe hukumu yake.

Fungu la kwanza ni chumba chenyewe. Afisa akifika mapokezi akaambiwa kwamba amepandishwa, na achukue ufunguo, ashukuru, alale. Chumba kile kingekuwa kitupu usiku ule. Hakiwezi kupelekwa wizarani wala kugawiwa wanafunzi. Kukikataa hakumfaidii mlipa kodi yeyote. Sharti letu ni moja tu, kwamba asiwe amechagua hoteli hiyo, wala kurefusha safari, kwa ajili ya kukipata.

Fungu la pili ni daraja. Hilo limeandikwa kwa jina la mtu na halihamishiki. Abaki nalo, lakini ofisi yake ijue kwamba analo. Anayejulikana kuwa ana kadi ya kundi fulani asikae peke yake kwenye meza ya kuchagua hoteli.

Fungu la tatu ni pointi za kulalia bure. Hapa tufanye tofauti. Mtumishi anayepewa posho ya safari ya kiwango maalumu, akajilipia mwenyewe pale anapotaka, posho hiyo imekuwa yake. Akiamua kulala kwa ndugu yake hakuna anayemdai, na akilala hotelini pointi nazo ni zake. Lakini pale ofisi inapolipa bili moja kwa moja, au anaporudisha stakabadhi ili alipwe, pointi ni punguzo la ofisi. Azitumie kwa safari ya kazi inayofuata, ili umma upunguziwe angalau usiku huo.

Fungu la nne ni pointi za mwandalizi wa mkutano. Hizo tunasema zikatazwe kabisa kwa mtumishi wa umma. Kama hoteli inataka kuishukuru ofisi iliyoleta wajumbe mia mbili, iipunguzie bei, na punguzo hilo liandikwe kwenye ankara ili mkaguzi alione.

Tunayajua majibu ya watakaotupinga. Watasema kwamba kusafiri kwa kazi si starehe; kwamba afisa huacha watoto wake, hukosa misiba na arusi, hulala mahali asipopajua, na kwamba chumba kizuri na pointi chache ni fidia ndogo. Hatulidharau neno hilo. Wapo watumishi waaminifu wanaochoka barabarani kwa ajili yetu. Lakini kama posho haitoshi, jambo hilo lijadiliwe hadharani na liongezwe kwa wote, yaani hata kwa dereva aliyemleta afisa huyo na ambaye usiku ule analala nyumba ya wageni karibu na stendi, mahali pasipo na kadi wala pointi. Fidia inayomfikia bosi na kumruka dereva ina kasoro.

Watasema pia kwamba kufuatilia pointi kuna gharama kuliko pointi zenyewe, na kwamba Wamarekani walishindwa. Hoja hii ni nzito zaidi. Hata hivyo, Wamarekani walipoliacha jambo hilo mwaka 2001 hawakuwa na nyenzo tulizo nazo leo. Leo mwanachama hufungua simu yake na kuona kila usiku aliolala na kila pointi aliyopewa. Fomu ya marejesho ya masurufu ikiongezwa mstari mmoja unaouliza kama safari imeleta pointi, na ni ngapi, kazi hiyo ni ya dakika moja. Atakayedanganya atakuwa amedanganya kwa maandishi, na hilo peke yake litawazuia wengi.

Wengine watatuambia kwamba kuna maovu makubwa zaidi katika nchi zetu kuliko sebule ya hoteli. Ni kweli. Mwishoni mwa mwaka 2015 Rais John Magufuli wa Tanzania alizuia safari za nje zisizo za lazima, na akataka mikutano ya serikali ifanyike katika kumbi za serikali badala ya hoteli za gharama. Watu walibishana sana juu ya ukali wa hatua hiyo, lakini wachache walibisha kwamba safari na warsha zilikuwa zimegeuka mirija. Mirija hiyo haikutobolewa siku moja. Ilianza kwa vitu vidogo ambavyo kila mmoja aliona haya kuvitaja.

Kwa hiyo basi, tunatoa mapendekezo yafuatayo. Maafisa masuuli wa wizara, mashirika na halmashauri watoe waraka mfupi unaotamka pointi za safari zinazolipwa na ofisi ni za nani. Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wajumbe wake hulala hotelini kwa michango ya nchi wanachama, itangulie kuonyesha mfano. Mashirika ya misaada, ambayo hutudai stakabadhi za kila kikombe cha chai, yatwambie kanuni yao juu ya pointi za wafanyakazi wao wenyewe. Wakaguzi nao waanze kuuliza.

Kwa wenye hoteli tunalo ombi. Hatuwakatazi kumheshimu mteja wao wa kudumu. Hiyo ni biashara yao. Lakini kanuni ya kupandisha wageni iandikwe na ijulikane kwa wahudumu wote, ili aliyepewa na aliyekosa wote waelezwe sababu moja. Mwananchi aliyejikusanyia fedha mwaka mzima ili ampeleke mkewe hotelini kwa usiku mmoja wa kukumbuka ndoa yao hana kadi ya rangi yoyote. Pengine kile chumba cha juu kitakuwa kitupu usiku huo. Meneja mwenye busara atajua la kufanya, na hatahitaji mtambo wa pointi kumwambia.

Kwa watumishi wa umma tunasema hivi. Mtakapofika mapokezi wiki ijayo na kutajiwa habari njema ya chumba kikubwa, furahini. Lakini pointi zitakapoingia katika simu zenu, mkumbuke ankara ile imekwenda kwa nani, na muuandike ule mstari mmoja katika fomu ya marejesho hata kama bado hakuna aliyewauliza.